SIDI MUBARAK BOMBAY: MTU ALIYEKUWA MACHO YA MISAFARA



 Katika sehemu hii ya jarida tumezoea kueleza maisha ya mtu mmoja aliyetangulia mbele ya haki, ili tupate mafunzo. Mara hii hatukwenda Baghdad wala Andalusia. Tumebaki hapa hapa kwetu, katika njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kwenda Ujiji. Tumemchagua mtu aliyeikanyaga njia hiyo kwa miguu yake katika misafara minne mikubwa. Naye ni Sidi Mubarak Bombay.

Sababu ya kumchagua ni swali lililozuka kwetu Ntalikwa. Jioni moja, baada ya swala ya Magharibi, mwezi mpevu ulikuwa unachomoza. Mmoja wa wanafunzi wadogo akauliza kwa nini mwezi unakuwa mkubwa kama sinia unapotoka, kisha usiku ukiendelea unakuwa mdogo kama kisahani. Tulimwambia achukue punje ya choroko, anyooshe mkono wake, afumbe jicho moja, aupime mwezi kwa punje ile. Kisha aupime tena ukiwa juu. Alifanya hivyo, na akakuta punje ile ile inauziba mwezi mara zote mbili. Mwezi haukuwa umepungua hata kidogo. Kilichobadilika ni hukumu ya akili yake.

Jambo hili lilichunguzwa zamani na mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040. Katika kitabu chake kiitwacho Kitab al-Manazir alieleza kuwa nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni, wala si jicho linalotoa nuru kama wengi walivyodhani kabla yake. Akaeleza pia kuwa jicho peke yake halitoshi. Ukubwa wa kitu na umbali wake huamuliwa na akili, kwa kulinganisha na yale iliyokwisha kuyazoea. Kwa hiyo binadamu haoni kwa macho matupu. Huona kwa macho pamoja na mazoea yake, matumaini yake na hofu yake.

Maisha ya Bombay ni ushahidi mzuri wa maneno hayo. Alifuatana na watu waliokuja kutazama nchi yetu na kuiandika, na aliona kwa karibu jinsi watu wenye elimu kubwa walivyoweza kutazama kitu kimoja wakaona vitu viwili.

KUTEKWA KWAKE NA MAJINA YAKE

Alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, sehemu za mpaka wa Tanzania na Msumbiji za leo. Mama yake alifariki yeye angali mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12, wafanyabiashara wenye silaha walikuja kijijini kwao kudai madeni. Watu wakakimbia, na yeye akakamatwa. Alipelekwa Kilwa pamoja na mateka wengine, akauzwa, kisha akavushwa bahari mpaka India. Huko alimtumikia bwana wake kwa miaka mingi. Bwana huyo alipofariki, Mubarak akapata uhuru wake. Akarudi Unguja na kuingia katika jeshi la Sultani.

Tuyaangalie majina yake. Sidi ni jina walilopewa watu wa asili ya Afrika walioishi India. Mubarak ni neno la Kiarabu, maana yake aliyebarikiwa. Bombay ni mji wa India, ambao siku hizi unaitwa Mumbai. Majina yote matatu aliyapata baada ya kutekwa. Kila aliyekutana naye alimwona kwa jicho lake akampa jina lake. Yeye mwenyewe hakuandika kitabu, na karibu habari zake zote tumezipata katika vitabu vya watu aliowatumikia. Hilo tulikumbuke tunapoendelea.

RAMANI YA ZIWA MOJA

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika pwani yetu kutafuta maziwa ya bara na chanzo cha mto Nile. Walimkuta Bombay katika kituo cha askari wa Sultani karibu na Pangani, wakamwajiri. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili, lakini alikuwa ametumikia jeshi India na alijua Kihindustani kidogo. Bombay naye alikuwa amejifunza lugha hiyo utumwani. Kuanzia hapo maneno mengi ya watu wa bara yalimfikia Speke kupitia kinywa cha Bombay: yakitoka Kinyamwezi au Kisukuma yakaingia Kiswahili, yakatoka Kiswahili yakaingia Kihindustani, ndipo yakaandikwa kwa Kiingereza.

Wageni hao walikuja na ramani. Ilichorwa na wamisionari wawili, Erhardt na Rebmann, na kutangazwa Ulaya miaka ya 1855 na 1856. Ilionyesha bahari moja kubwa katikati ya bara, yenye umbo kama konokono asiye na gamba. Wamisionari hao hawakuwa waongo. Waliwauliza wasafiri. Aliyekwenda bara kutoka Kilwa alisema alifika kwenye maji makubwa. Aliyetoka Bagamoyo alisema hivyo hivyo, na aliyetoka Tanga pia. Kila mmoja alisema kweli. Kosa lilikuja pale wamisionari walipoyaunganisha maji hayo yote yakawa ziwa moja, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kuwa ni mengi, na wao hawakuwa na mawazo hayo.

Msafara uliwasili Kazeh, yaani Tabora hii yetu, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya mwendo wa zaidi ya miezi minne. Hapo walipokelewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Omani aliyeanza maisha yake Maskati kwa kuuza halua na peremende, akaja kuwa tajiri mkubwa wa Kazeh. Alikuwa mtu wa vitabu na mwenye kumbukumbu kali. Speke alimfunulia ile ramani akamwuliza maziwa haya yako wapi. Snay akamweleza kuwa Nyasa ni ziwa lake mbali, upande wa kusini. Ziwa la Ujiji ni jingine. Na Ukerewe ni ziwa jingine kabisa, upande wa kaskazini, tena ni kubwa kuliko la Ujiji. Hivyo fumbo lililowashughulisha wachora ramani wa Ulaya liliteguliwa katika tembe moja la Tabora, kwa mazungumzo tu.

Hata hivyo hatutaki kuficha jambo. Snay huyo huyo aliyeweza kuyatenganisha maziwa matatu akilini mwake alikuwa akiuza pembe za ndovu na watumwa. Alimwona mtoto wa mtu aliyefungwa mnyororo akaona bidhaa. Mazoea ya zama zake yalikuwa yameliziba jicho lake upande huo. Akili kali haimlindi mtu na upofu wa mazoea.

MAJI YALIYOONEKANA KWENYE MITI

Kutoka Kazeh msafara ulielekea magharibi. Njiani Burton alipooza miguu, akawa anabebwa. Speke aliugua macho hata akawa haoni vizuri. Tarehe 13 Februari 1858 walipanda mlima wenye mawe na miiba, hata punda aliyempanda Speke akafa kwa uchovu. Walipofika juu, Burton aliona mstari wa kitu kinachong'aa kati ya miti iliyo chini. Hakujua ni nini. Akamwuliza Bombay. Bombay akajibu kwa utulivu kuwa kwa maoni yake yeye, hayo ni maji.

Burton alifadhaika. Kwa alivyoona, ziwa alilolitafuta kwa miezi saba lilikuwa kidimbwi tu. Akaanza kujilaumu kwa kupoteza afya yake bure. Akasogea mbele hatua chache, miti ikaachana, na Ziwa Tanganyika likafunguka lote mbele yake na milima ya ng'ambo. Huzuni ikageuka furaha. Speke alikuwa papo hapo, lakini yeye aliona ukungu na mng'aro tu.

Ndugu mwanafunzi, hebu wafikirie watu hao watatu juu ya mlima mmoja, saa moja. Mmoja aliona kidimbwi, kisha akaona ziwa. Mmoja aliona ukungu. Wa tatu, aliyekuwa mtumwa zamani na hakuwa na ramani wala darubini, aliona maji na kusema ni maji. Vitabu vingi vilivyofuata viliandika kuwa ziwa hilo liligunduliwa na wawili wa kwanza. Watu wa Ujiji waliokuwa wakivua samaki humo tangu enzi za mababu zao hawakuhesabiwa, wala Bombay.

MTO UNAINGIA AU UNATOKA?

Swali kubwa lilikuwa mto Rusizi, ulio kaskazini mwa Tanganyika. Kama unatoka ziwani kuelekea kaskazini, huenda ndio mwanzo wa Nile. Kama unaingia ziwani, basi sivyo. Mwezi Machi 1858 Speke alivuka ziwa pamoja na Bombay kumtafuta mfanyabiashara Hamid bin Sulayyam. Njiani usiku mdudu aliingia sikioni mwa Speke. Alijaribu kumtoa kwa kisu kidogo, akajijeruhi, na sikio hilo likawa zito kwa miezi mingi. Kwa hiyo mtu aliyekwenda kuuliza habari za mto alikuwa na macho mabovu, na sikio moja zima, na lugha ya kuazima. Alirudi na habari njema: mto unatoka ziwani.

Mwishoni mwa Aprili walifika Uvira kwa mitumbwi. Wana wa mtawala wa huko waliwaambia wazi kuwa Rusizi unaingia ziwani. Hapo ndipo Bombay alipoeleza kuwa Speke hakumwelewa Hamid. Hamid alisema mto unaingia, Speke akasikia unatoka. Alisikia lile alilolitamani.

Burton naye hakusalimika. Miaka 6 baadaye, mwaka 1864, alipokuwa amegombana na Speke na anataka kumshinda kwa hoja, aliandika kuwa Rusizi huenda unatoka ziwani. Mwenyewe aliambiwa kinyume chake na watu wa hapo hapo. Ushahidi aliokuwa nao ulikuwa ule ule, ila haja ya moyo wake ilikuwa imebadilika. Mwishoni mwa mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda mdomoni mwa Rusizi wakautazama. Mto unaingia ziwani.

NYANZA YA KASKAZINI

Waliporudi Kazeh katikati ya mwaka 1858, Burton alibaki kupumzika na Speke akaenda kaskazini na Bombay. Tarehe 3 Agosti 1858, karibu na Mwanza, aliliona lile ziwa alilotajiwa na Snay. Alikaa siku tatu tu. Aliona sehemu ndogo ya kusini. Akamwuliza mzee mmoja ziwa linaishia wapi, na mzee huyo akaelekeza mkono kaskazini akaonyesha kuwa halina mwisho unaojulikana. Speke akaamini papo hapo kuwa amekipata chanzo cha Nile. Aliporudi Kazeh akamwambia Burton, na Burton akakataa kwa kuwa mwenzake hakuwa na hoja za kutosha. Urafiki wao uliharibika hapa Tabora.

Nani alikuwa sahihi? Jibu lake lina funzo. Speke alikuwa sahihi katika jambo lenyewe, lakini hakuwa na ushahidi wa kutosha siku ile. Burton alikuwa sahihi kudai ushahidi, lakini akakosea alipokataa hata kulifikiria jambo lenyewe. Speke alirudi mwaka 1860 na mwenzake Grant, Bombay akiwa nao, na tarehe 28 Julai 1862 alisimama mahali Nile inapotoka katika Ziwa Nyanza, huko Uganda. Hata hivyo hakulizunguka ziwa, na wapinzani wake walisema bado. Tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wake na Burton katika mji wa Bath, Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Ubishi haukuisha mpaka Stanley alipolizunguka ziwa lote kwa mashua mwaka 1875, na ikathibitika kuwa ni ziwa moja.

MTU MMOJA, SURA NNE

Sasa tumwangalie Bombay mwenyewe machoni mwa waliomwajiri.

Burton aliuchunguza mpaka umbo la kichwa chake, kwa kuwa zama zile kulikuwa na elimu iliyodai kuwa tabia ya mtu husomeka katika fuvu lake. Elimu hiyo imekwisha kuthibitika kuwa ni ya uongo. Lakini Burton aliyeiamini alitazama kichwa cha Bombay akaona humo kila alichofundishwa kukiona. Pamoja na hayo alikiri kuwa Bombay ni mfanyakazi mwema.

Speke alimsifu kwa uaminifu na ukarimu, akaandika habari za utoto wake, na ni kwa sababu hiyo tunazijua. Lakini Speke huyo huyo, katika safari ya pili, alimpiga ngumi katika ugomvi hata akapoteza meno ya mbele. Stanley alipomwajiri Unguja mwaka 1871 aliliona pengo hilo.

Stanley alimfanya mkuu wa askari wake, kisha njiani akamwona mvivu na mkaidi, akamchapa. Msafara huo huo uliofika Tabora na kukutwa na vita vya Mirambo ulifika Ujiji kwa Livingstone, na Bombay alikuwemo mwanzo mpaka mwisho.

Cameron alimchukua mwaka 1873 kuongoza watu wake. Alilalamika kuwa Bombay anapenda kinywaji na hana ukali kwa watu. Lakini kwa uongozi huo huo walivuka bara zima kutoka pwani ya Mashariki hadi pwani ya Magharibi, huko Angola, wakafika mwezi Novemba 1875.

Hatumwandiki Bombay kama walii. Alikuwa na makosa, na pombe ni katika makosa hayo kama walivyosema walioandika. Tunachosema ni kuwa mtu ni yule yule, na waandishi wanne wametupa sura nne. Mwenye haraka alimwona mzito. Mwenye kuhitaji mkalimani alimwona hazina. Kila mmoja alipomweleza Bombay alijieleza na yeye mwenyewe.

BARUA YA KWIHARA

Kisa kimoja kilitokea jirani zetu kabisa, pale Kwihara, ambako mpaka leo watu huenda kulitazama tembe la Livingstone. Mwezi Oktoba 1873 Cameron alikuwa amelala hapo na homa, macho yake yakiwa mabovu kama yalivyokuwa ya Speke. Tarehe 20 ililetwa barua iliyoandikwa na Jacob Wainwright, mmoja wa watu wa Livingstone. Wainwright alidhani kuwa mtoto wa Livingstone yumo katika msafara ule, kwa hiyo aliandika kumwarifu kuwa baba yake amefariki.

Cameron aliisoma kwa shida, asiielewe. Akaenda kwa mwenzake Dillon, naye ana homa. Wakaisoma pamoja, na wote wawili wakapata wazo moja la kutatanisha: je, ni baba zetu sisi waliofariki? Maneno yalikuwa wazi juu ya karatasi. Akili zilizochemka kwa homa ndizo zilizoyageuza. Mambo yaliwabainikia pale tu alipoitwa aliyeileta barua, Chuma, akawaeleza kwa kinywa chake kuwa ni Livingstone aliyefariki. Naam, Livingstone alikuwa amefariki tangu Mei mwaka huo katika nchi ambayo leo ni Zambia, na Chuma na wenzake walikuwa wakiubeba mwili wake kuelekea pwani.

Angalieni kuwa dawa ya kosa lile haikuwa kuisoma barua kwa nguvu zaidi. Dawa ilikuwa kumwuliza anayejua.

MWISHO WA SAFARI YAKE

Mwaka 1876 Bombay alirejea Unguja. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, iliyokwisha kumtunuku nishani ya fedha kwa safari ya Nile, ilimpa pensheni ya maisha. Alifariki mwaka 1885. Alitembea Afrika kuliko wengi wa wale ambao majina yao yamewekwa katika maporomoko, milima na mitaa.

MAFUNZO

Ndugu wasomaji, tumeyaeleza haya kwa sababu jambo lenyewe linatuhusu sisi wa leo, tena lina uzito wa damu.

Katika miaka ya 1990 na 2000, katika mikoa yetu ya magharibi na Kanda ya Ziwa, wazee wengi, zaidi wanawake, waliuawa kwa kusingiziwa uchawi. Katika alama zilizotumika kuwahukumu ilikuwa ni wekundu wa macho. Sote tunajua mama aliyepika miaka 50 kwenye jiko la kuni, au kwa mavi ya ng'ombe pale kuni zilipoadimika, macho yake huwa mekundu kwa moshi. Kilichoingia jichoni mwa mtazamaji ni wekundu tu. Neno mchawi halikutoka kwa bibi yule. Lilitoka moyoni mwa mtazamaji, mwenye msiba wa mtoto au hasara ya ng'ombe na anayetafuta wa kumlaumu. Speke naye alifika ziwani na macho mabovu, na hakuna aliyemwita mchawi. Waliomwona walisema ni mgonjwa. Macho ni yale yale, hukumu ndiyo iliyokuwa tofauti.

Dini yetu imetuonya mapema juu ya hili. Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuzichunguza habari kabla ya kuzifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukajuta. Katika sura hiyo hiyo tumekatazwa dhana nyingi. Na katika Surat Bani Israil tumefundishwa kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Tazameni kuwa moyo umewekwa pamoja na macho na masikio, kwani nao una sehemu yake katika kuona.

Kwa hiyo tunawausia wanafunzi wetu mambo matatu. La kwanza, unapoona kitu, jiulize ni kipi kilichoingia jichoni na ni kipi ulichokiongeza wewe. La pili, ukikuta habari inakufurahisha sana au inamthibitisha ubaya mtu usiyempenda, izidishie uchunguzi, kwa sababu hapo ndipo Speke alipousikia mto unatoka na hapo ndipo Burton alipoupindua. La tatu, usione haya kumwuliza aliye chini yako kwa cheo au kwa mali. Burton alikuwa na lugha nyingi na vitabu vingi, lakini juu ya kilima kile alihitaji kumwuliza Bombay.

Wazazi nao tunawaomba watusaidie. Mtoto akileta nyumbani neno alilolisikia kuhusu jirani, tusimpokee kwa mshangao wa kulikuza. Tumwulize: uliona mwenyewe, au uliambiwa? Na kama uliona, uliona nini hasa? Maswali hayo madogo yangeweza kumwokoa bibi wa mtu.

Na yule mwanafunzi wetu wa choroko bado anaupima mwezi kila unapochomoza mpevu. Anasema kuwa mpaka leo machoni mwake unatoka mkubwa, ingawa anajua kuwa sivyo. Tumemwambia kuwa hivyo ndivyo ilivyo kwetu sote. Jicho halitaacha kudanganyika, na ndiyo maana tumepewa akili ya kulisahihisha na ndimi za kuulizana.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atujaalie kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na atujaalie kuiepuka. Amin.